Kwanza atoke kwenye ile nyumba, habari za Kanada baadaye

Simu iliingia saa tisa usiku huku Edmonton, kule Handeni ilikuwa saa sita mchana, Jumapili moja ya mwezi wa tisa 2018. Nikaona namba siijui nikataka kuikata, sijui nini kikanishika nikapokea. Alikuwa binti wa marehemu dada yangu, kaazima simu ya jirani, anaongea kwa kunong'ona. Akanisalimia shikamoo kama kawaida halafu akanyamaza. Nikamuuliza kuna nini mwanangu, akasema "Mama mdogo, baba anasema nikitimiza kumi na tano watu wanakuja na mahari." Kumi na tano alikuwa anatimiza mwezi wa kumi na moja. Ndo kwanza alikuwa amemaliza mtihani wa darasa la saba.

Akaniambia na mengine. Kwamba baba yake akilewa anaingia chumbani kuwapiga, kwa hiyo usiku anaegemeza kiti mlangoni, na kile kiti mguu mmoja umekatika kwa hiyo anaweka na ndoo ya maji juu yake kiwe kizito. Hiyo ndoo ya maji haijawahi kunitoka kichwani mpaka leo.

Mimi akili yangu ilienda sehemu moja tu, nimlete huku. Nilikuwa nimekaa Kanada tangu 2010, nina uraia wa huku, nina mume, watoto wawili, kazi yangu ya kuhudumia wazee, nyumba ya vyumba vitatu. Nikaona jibu liko mkononi kabisa. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, dada akifariki hakuna mtu anakuuliza cheti, wewe ndo mama. Nikakaa kwenye kompyuta mpaka kunakucha natafuta fomu ya kumsponsa mtoto wangu, yaani kumdhamini aje kuishi huku. Kumbe kwenye fomu mama mdogo sio mama, ni shangazi tu kama shangazi mwingine, maana kiingereza hakina hata neno la kututenganisha na shangazi.

Naandika haya kwa sababu najua kuna mtu usiku huu yuko kama nilivyokuwa mimi, amepokea simu ya namna hiyo na anahangaika, na nataka ajue nilivyopoteza miezi miwili ya hatari kwa kuchanganya vitu viwili, kumtoa mtoto kwenye nyumba na kumtoa mtoto kwenye nchi. Nilidhani ni kitu kimoja, na kwa kudhani hivyo nusura tumpoteze.

Wacha nieleze njia nilizozigonga, maana kila mmoja nikimsimulia ananiambia "si ungefanya hivi", na hizo hivi zote nilizijaribu.

Ya kwanza, yatima. Kanada inakuruhusu kumsponsa ndugu yako, mtoto wa ndugu yako au mjukuu kama ni yatima, hajafika miaka 18 na hajaolewa. Nikasoma nikaruka kwa furaha. Wakili niliyemlipia saa moja akaniuliza swali moja tu, baba yake yuko hai? Nikasema yuko ila ni kama hayupo, mlevi, anampiga, anataka kumuuza. Akasema pole sana, lakini yatima kwa sheria yao ni aliyefiwa na wazazi wote wawili, baba akiwa hai hata kama ndo anayemtesa mtoto, huyo sio yatima. Nililia ofisini kwa yule wakili kama mtu aliyefiwa upya.

Ya pili, kuna kipengele watu wanakiita cha Mkanada mpweke, yaani kama huna mume, huna mtoto, huna mzazi, huna hata mmoja wa wale unaoweza kuwasponsa, na huna ndugu wa karibu ambaye ni raia au mkaazi wa kudumu huku, unaruhusiwa kumleta ndugu mmoja wa damu wa umri wowote. Mimi nina mume, nina watoto na mama yangu yuko hai Lushoto. Hapo hata hatukukaa.

Ya tatu, kuasili. Hapa ndo niliumia kuliko kote, kwa sababu ya ule uraia. Tanzania haina uraia pacha, mimi nilipochukua wa huku nikapoteza wa kwetu, sasa kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 asiye raia anayetaka kumuasili mtoto wa Kitanzania anatakiwa awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, na maombi yanaenda Mahakama Kuu. Mimi wa Lushoto, niliyezaliwa hospitali moja na dada yangu, nahesabika mgeni kwa mtoto wa dada yangu. Na hata ningefanikiwa, Kanada nao wanapima kama kweli mmekuwa mzazi na mtoto au mmeasiliana ili kupata makaratasi, wakiona ni ya makaratasi wanakataa.

Ya nne, aje kama mwanafunzi. Inawezekana kabisa, mtoto wa shule anaweza kupewa kibali cha masomo, anakuwa na mlezi ambaye ni raia au mkaazi wa huku. Ila ile fomu ya mlezi inasainiwa pande mbili, mimi huku na mzazi kule. Mzazi kule ni nani? Ni yule yule. Nikampigia, nikajishusha, "shemeji naomba huyu mtoto aje kusoma, gharama zote juu yangu." Akasema sawa shemeji, nitasaini, nitumie milioni tano. Mume wangu akaniambia ukituma hiyo hela umeshamnunua mtoto na mwakani atataka kumi. Sikutuma. Hata pasi ya kusafiria tusingeipata bila yeye, maana cheti cha kuzaliwa alikificha yeye.

Sasa katikati ya hayo, mama yangu akapata wakala Dar, mtu wa kuelekezwa na muumini mwenzake, akamwambia visa ya Kanada ya uhakika milioni moja na laki nane, hakuna haja ya baba. Mama hakuniambia. Akauza mbuzi, akachukua na akiba ya vikoba, akatuma kwa simu mara tatu. Wakala akamletea cheti cha kifo cha shemeji yangu, chenye muhuri, mtu yuko hai anakunywa dengelua kilabuni. Mpango wake ulikuwa nimwombee binti kama yatima kwa kile cheti. Mama akanitumia picha anafurahi, "mwanangu mambo yametimia."

Niliogopa mpaka mikono ikapoa. Watu wa Bongo na huku tunachukulia hivi vitu kama ujanja, lakini ukikamatwa umedanganya kwenye maombi ya Kanada, mwombaji anafungiwa miaka mitano, na mimi niliyesaini kumsponsa ningekuwa na kesi yangu. Wapo pia walionishauri niseme ni mtoto wangu wa kumzaa niliyemwacha nyumbani. Hiyo nayo imejaa mitego miwili. Wakiwa na shaka wanaomba vipimo vya DNA, na vipimo havijui mama mdogo. Halafu hata angekuwa wa kwangu kweli, mtoto ambaye hukumtaja kwenye fomu zako wakati unaingia, kwa kawaida unazuiwa kuja kumsponsa baadaye. Kwa hiyo kama wewe ndo kwanza unajaza za kwako, taja watoto wote, wa nje ya ndoa, aliyeko kwa bibi, yule ambaye mumeo hamjui, wote. Nimeona familia zimekwama hapo miaka na miaka kwa aibu ya siku moja.

Ile hela ya mama haikurudi. Kile cheti nilimwambia akichome na akakichoma nikiwa nasikiliza kwenye simu. Kama unahitaji mtu wa kukushauri mambo ya Kanada kwa malipo, awe wakili aliyesajiliwa au mshauri aliye kwenye orodha ya chombo chao kinachosimamia washauri wa uhamiaji, orodha iko wazi mtandaoni unaingiza jina lake unaona kama yupo. Dakika mbili tu zingeokoa mbuzi wa mama yangu.

Mwezi wa kumi ukaisha. Binti hakupiga tena, jirani akasema simu amekatazwa. Mimi nikawa mtu wa kulia tu, niko kazini namvalisha mzee soksi machozi yanadondoka kwenye soksi.

Aliyetufungua macho ni mwalimu wake wa la saba, madam mmoja nilimpata kupitia yule jirani. Nikamweleza mipango yangu yote, yatima, kuasili, masomo. Alinisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza, "Dada, yeye mwenyewe umemuuliza anataka nini?" Nikakosa jibu. Kwa kweli nilikuwa sijamuuliza. Akasema mimi nilimuuliza, akasema anataka mambo mawili, alale mahali ambapo hakuna haja ya kile kiti, na aende fomu wani. Kanada hakuitaja. Halafu akaniambia jingine lililonipa nguvu, matokeo yametoka na binti amefaulu, baba yake amemwambia amefeli.

Kuanzia hapo mambo yakaenda kwa spidi ambayo sikuitegemea, na yote yalifanyika Tanzania, na Watanzania, kwa gharama ndogo kuliko ile saa moja ya wakili wangu. Madam akapiga 116, ile namba ya bure ya watoto. Wakamuunganisha na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Afisa akaenda nyumbani na askari wa dawati la jinsia na watoto, mwanamke, kwa utaratibu tu bila kelele. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa inaruhusu msichana wa miaka 15 aolewe mzazi akiridhia, na shemeji alikuwa anajua hilo, ndo maana alikuwa anasubiri ule mwezi wa kumi na moja. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, alikuwa ameshashinda kesi Mahakama Kuu 2016 kupinga vile vifungu lakini serikali ilikuwa imekata rufaa, rufaa ikaja kutupwa Oktoba 2019, kwetu ingekuwa tumeshachelewa. Alichofanya yule afisa ni kutumia sheria nyingine. Akamwambia shemeji huyu ni mwanafunzi, amefaulu, na tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni jela miaka 30, na anayesaidia ndoa hiyo naye ana kosa lake, kwa hiyo wewe na hao wenye mahari mjiandae. Jirani alinisimulia kwamba shemeji alikaa chini pale pale kwenye kibaraza.

Wiki hiyo hiyo binti akapelekwa Lushoto kwa bibi yake, kwanza kwa muda, baadaye Mahakama ya Watoto ikampa mama yangu haki ya kuishi naye na kumlea. Ustawi waliandika ripoti, madam alikuja kutoa maelezo kwa nauli yake mwenyewe mpaka nilipomrudishia kwa nguvu. Mwezi wa kwanza 2019 akaanza fomu wani, sare mpya, sweta maana Lushoto ni baridi. Mimi kazi yangu ikawa ndogo na ya maana, kutuma hela ya kula, ya sare na ya godoro, kila mwezi tarehe tano bila kukosa. Na kitasa. Mama alisema mtoto ameomba kitu kimoja tu, kitasa cha kufunga kwa ndani.

Hapo sasa ndo nikarudi kwenye habari za Kanada, kichwa kikiwa kimetulia. Nikaona nimwombee mama yangu kama mzazi, halafu binti angefuata kama mtegemezi wake. Wakili akanionya mapema kwamba hati ya malezi ya mahakama haitoshi, bibi angetakiwa amuasili kabisa. Pia nisaini kwamba nitamhudumia mama miaka 20, na kipato changu kwa miaka mitatu kiwe juu ya kiwango chao kwa idadi ya watu wote, sisi wanne na wao wawili. Tukajipanga, mume wangu akaongeza zamu za usiku.

Mwaka ule nafasi za wazazi zilikuwa ni wa kwanza kufika kwenye mtandao. Tarehe 28 Januari 2019, fomu inafunguliwa saa sita mchana ya Ottawa, huku kwetu saa nne asubuhi. Nikaomba mapumziko, nikakaa kwenye chumba cha kulia chakula cha wafanyakazi na laptopu ya mwanangu, kila jibu nimeliandika pembeni kwenye karatasi nikopi haraka. Ukurasa ukafunguka, nikajaza jina, nikajaza la mama, nikafika kwenye anwani, Lushoto haina postikodi za namna wanayotaka, nikaweka sifuri, ikakataa, nikarudi, nikarudia. Nilipobonyeza tena ikaniambia nafasi zimejaa. Dakika chache tu. Tulikuwa watu zaidi ya laki moja tunagombania nafasi elfu 27. Nikafunga laptopu nikarudi kumlisha mzee wangu uji.

Baadaye mwaka ule tukaomba visa ya kutembea, bibi na mjukuu, na hati ya mahakama, barua ya shule, taarifa zangu za benki. Alama za vidole walienda kuchukulia Dar, mama hajawahi kukaa kwenye basi masaa yote yale. Wakanyimwa wote. Barua inasema afisa hajaridhika kwamba wataondoka muda wao ukiisha. Kusema ukweli kwa binti yule, baba hamtaki, mali hana, ndugu wote wa kumpenda wako Kanada, hata mimi ningekuwa yule afisa ningejiuliza. Visa ya kutembea inataka uthibitishe una kitu kizuri cha kukurudisha, na anayekimbia nyumba mbaya anachokosa ndo hicho.

Oktoba 2020 wakafungua fomu ya kuonyesha nia kwa wanaotaka kuwaleta wazazi, nikajaza, na tangu hapo wamekuwa wakichagua majina kwa bahati nasibu kutoka kwenye hilo hilo kapu la 2020. La kwangu halijatoka.

Nimeongea na wengi tangu wakati huo na kila nchi ina mlango wake. Rafiki yangu aliyeko Leicester aliniambia Uingereza kuna kipengele kinachomruhusu ndugu aliyekaa kihalali kumwita mtoto kama kuna sababu nzito za kifamilia, hata kama yeye sio mzazi, sio rahisi ila mlango upo. Marekani mpwa huwezi kumwombea moja kwa moja, na ndugu wa tumbo moja unamwombea ukiwa raia lakini foleni ni zaidi ya miaka 15, mtoto anakuwa mzazi mwenyewe akiwa kwenye foleni. Mwenzangu kazini, Mkongo aliyetokea kambi ya Nyarugusu Kigoma, alikuja kama mkimbizi na mume wake alikuwa amepotea njiani, ila alimtaja kwenye fomu. Mume alipopatikana akamwombea ndani ya mwaka mmoja tangu alipotua, kuna dirisha la mwaka mmoja kwa wakimbizi, na sasa wako pamoja wana watoto watatu. Yeye aliniambia angekaa mwaka na miezi miwili akiendelea kulia kama mimi, lile dirisha lingefungwa.

Binti alimaliza fomu foo 2022, akafaulu, akaenda chuo cha uuguzi. Alikuwa ameshavuka 18, kwa hiyo saini ya baba haihitajiki tena mahali popote, na mimi nikaanza upya, njoo usome huku sasa, wewe mtu mzima. Wakati tunajiandaa Kanada ikapandisha hela ya kuonyesha, kuanzia Januari 2024 mwanafunzi alitakiwa aonyeshe dola 20,635 za kujikimu badala ya 10,000, ukiacha ada na nauli. Nikamwambia nitakopa. Akaniambia, "Mama mdogo, acha. Nimalize hapa kwanza, nitakuja na cheti changu mkononi, kama nitataka." Lile kama nitataka lilinichoma kidogo, sitaficha. Miaka yote ile nilikuwa nimeshampangia chumba, rangi ya kuta nimeshachagua.

Mwaka jana nilienda nyumbani mwezi mzima. Shemeji alikuja siku moja, ameacha pombe anasema, amezeeka, akakaa kwenye mkeka na mtoto wake akamwandalia chai, wakaongea habari za mvua na mahindi. Sikuingilia. Alipoondoka binti aliosha vikombe akaenda kusoma.

Mama yangu ile hati ya mahakama ameifunga kwenye khanga ya marehemu dada, iko chini kabisa ya sanduku la bati, juu yake ameweka fomu niliyompa ya ile nia ya 2020. Kila nikimpigia Jumapili, baada ya salamu na habari za watoto na magoti yake, lazima aulize, "Na ile bahati nasibu yao, imetoka?" Namwambia bado, mama. Anasema haya, subiri nikupe mwanao, halafu nasikia anaita kuelekea chumbani.